Magugu Chini ya Dirisha

Tangu kiharusi kimwangushe, fundi saa alishinda dirishani. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, na maneno yalimtoka kwa taabu, moja moja. Aliishi kwa mwanawe, dereva wa malori ya safari ndefu, kwa hiyo aliyeshinda naye nyumbani alikuwa mkamwana wake, mshonaji. Huyu alihamishia cherehani chumba kile kile ili mzee asibaki mpweke.

Dirisha lilitazama kipande cha ardhi tupu na ukuta wa jirani. Mshonaji alimsimulia mzee habari za wateja, nani amenenepa na hataki kukubali, naye alitabasamu kwa adabu tu. Siku moja kipepeo akaingia akawa anajigonga kwenye kioo. Mzee akamfuata kwa macho, kichwa huku na huku, mpaka mshonaji alipofungua dirisha, kipepeo akatoka. Hata baada ya hapo mzee aliendelea kutazama nje.

Kesho yake mshonaji akanunua mawaridi ya vyungu, mekundu, yenye petali zilizosongamana. Yalipendeza kweli, lakini hakuna kipepeo aliyeyajali. Wakapita juu yake kama watu wanaopita duka lililofungwa.

Alipata jibu siku alipokuwa akipeleka gauni la mteja. Kwenye kiwanja kando ya reli, vipepeo walikuwa wamejaa juu ya magugu ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiyapita kila siku: mengine mafupi yenye maua ya zambarau, mengine marefu yenye maua ya rangi ya chungwa na utomvu mweupe kama maziwa. Alisimama pale na gauni mkononi, akajicheka. Kumbe alikuwa akialika wageni na kuwaandalia chakula wasichokijua. Jioni akarudi na jembe dogo, akang'oa machache pamoja na mizizi yake, akayapanda chini ya dirisha.

Nyuki ndio waliotangulia, kisha vipepeo. Baada yao wakaja viwavi wenye mistari myeusi, myeupe na ya manjano, wakaanza kula majani bila haya. Mshonaji alinyoosha mkono awatoe, akasikia kioo kikigongwa. Mzee alitikisa kichwa, kisha akaonyesha droo. Mshonaji akaingia ndani, akamtolea kitu kimoja baada ya kingine, mpaka alipofika kwenye lenzi ndogo ambayo mzee aliibana jichoni zamani akitengeneza saa. Akaipokea kwa mkono wa kushoto, akaibana.

Kuanzia hapo mzee alikuwa na shughuli. Alikunywa chai haraka ili awahi. Jioni alitoa taarifa.

"Yule wa juu," alisema, akapumzika. "Amejivua ngozi."

Mshonaji alisimamisha cherehani kila mara ili asikie vizuri.

Sasa, mzee alikuwa na binti mkubwa, ambaye nduguze walimpachika jina la Meneja, maana hakuingia nyumba ya mtu bila kupitisha kidole juu ya meza kuangalia vumbi. Ndiye aliyehangaika na hospitali baba alipougua, na ndiye aliyefunga duka la saa na kurudisha funguo, madaktari waliposema hatafanya kazi tena. Alimpenda baba yake, hilo halikuwa na ubishi.

Meneja alikuja siku ambayo mshonaji alikwenda kumpima bibi harusi. Mshonaji aliporudi, ardhi ilikuwa nyeupe, imefagiliwa, inanuka dawa ya wadudu. Wifi yake alikuwa akinawa mikono, ameridhika.

"Najua una kazi nyingi, wifi," alisema kwa upole. "Nimekusaidia kufyeka. Baba alikuwa amezungukwa na pori na wadudu."

Mshonaji alitupa futi yake ya kupimia mezani. Kabla hajafungua kinywa, mzee akageuka kutoka dirishani. Alihangaika na maneno mpaka jasho likamtoka.

"Umenifungia duka," alimwambia binti yake. "Mara ya pili."

Meneja alisimama na taulo mkononi. Aliaga mapema siku ile, na usiku akampigia wifi yake simu kumuuliza yale magugu hupatikana wapi.

Mwisho wa wiki alikuja na gunia, viatu vyote matope, blauzi ina madoa ya utomvu. Nusu ya alivyoleta ilikuwa nyasi tu. Mshonaji alichambua bila kucheka, ingawa alitamani sana. Walipokuwa wameinama wakipanda, Meneja alisema kwamba siku zote alidhani baba anaona aibu kukaa pale bila kazi, na ndiyo maana yeye hukimbilia kufagia. Kumtazama tu kulimshinda.

Mimea ilisinyaa kwanza. Mingine ilikufa, na udongo ulihitaji mvua kadhaa kabla ya kitu chochote kutua pale. Lakini asubuhi moja, Meneja akiwa ameketi kando ya baba yake, kipepeo wa rangi ya chungwa alishuka, akakunja tumbo chini ya jani, akataga. Mzee akamwonyesha bintiye kwa kidole.

"Hayo mayai yakianguliwa," Meneja alimuuliza wifi yake, "viwavi watayala majani yote?"

"Watayamaliza."

Meneja akafikiri kidogo. "Basi tuongeze mengine," alisema.