Hirukawa Anatafuta Chumba

Jumanne, saa nne kasoro robo asubuhi, Orie Nishizono alikuwa juu ya kigoda akibandika ramani za vyumba kwenye kioo cha mbele cha ofisi ya udalali ya Bwana Fukatsu, katika mtaa wa maduka wa Komatsu, Osaka. Vyumba vya bei nafuu aliviweka usawa wa macho na vya bei kali juu, kwa kuwa mwenye fedha huinua kichwa mwenyewe. Alikuwa ameshika kipande cha utepe wa gundi kwa meno Hirukawa alipoingia.

Tetsuma Hirukawa alikuwa shujaa wa Mgongo wa Kambare, mchezo wa video uliokwisha kutoka sehemu nane katika miaka ishirini. Alikuwa ametoka kwenye runinga ya duka la mitumba, milango miwili kabla ya ofisi. Mwenye duka alimwomba akanyage pembeni kwa sababu sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, naye akakanyaga pembeni. Alivaa suti yake ya rangi ya majivu. Aliposimama, mabega yake yalipanda na kushuka kwa kipimo kilekile, kama yafanyavyo mchezaji anapoweka pedi ya mchezo chini aende kuchemsha maji.

"Natafuta chumba, dada," alisema. "Chenye upana wa mikeka sita, dirisha linalotazama mtaani."

Orie alimpa kiti na chai ya shayiri, akamuuliza sababu ya kuhama, maana fomu ilitaka sababu. Hirukawa alieleza kwamba hajawahi kulala. Katika sehemu zote nane hakuna mahali alipotengenezewa kitanda. Watu wakichoka humsimamisha kwenye kibanda cha simu, wakahifadhi mchezo, wakazima, naye hubaki amesimama hapo mpaka wamalize mitihani, wafunge ndoa, wazae. Alitaka kulala chali mara moja tu, kabla sehemu ya tisa haijatoka Desemba.

Orie aliandika: *Sababu ya kuhama: kulala.*

Hakuwa na haja ya kuuliza mengi. Alimfahamu tangu akiwa na miaka kumi na minne, na sasa alikuwa na thelathini na minne. Wasioucheza husema mchezo ule ni wa majambazi na ngumi. Ngumi zipo, na ni tamu. Hata baiskeli iliyoegeshwa hugeuka silaha. Lakini hakuna mtu anayekaa na ngumi miaka ishirini. Kinachowashika watu ni kwamba Hirukawa husimama. Yuko njiani kwenda kumkabili aliyemuua kaka yake wa kiapo, mvua inanyesha, muziki umepanda, na pembeni yuko mwanamume aliyepoteza wigi, au bibi anayetaka kuimba karaoke na hana wa kumpigia makofi. Juu ya kichwa cha kila mwenye shida huwaka taa ndogo ya buluu. Hirukawa husimama, huuliza, "Una nini?", husikiliza mpaka mwisho, kisha huenda kulitafuta wigi. Likipatikana, kengele hulia mara tatu na neno IMEKAMILIKA huning'inia hewani. Kisasi husubiri.

Mwaka ambao mama yake alilazwa, Orie alikuwa akitoka kazini, ambako watu waliinamiana vizuri na hakuna aliyemuuliza kitu, anafika nyumbani, anawasha mashine, anamtembeza Hirukawa mtaani polepole. Alimnunulia mipira ya unga yenye nyama ya pweza. Alimsimamisha kwa kila mtu. Mwaka ule alimaliza shida zote mia na kumi na mbili za sehemu ya nne, na hakumwambia mtu yeyote.

Sasa alimsogezea mkataba. Kifungu cha saba kimo katika kila mkataba wa nchi ile, uwe wa chumba, wa simu, wa benki au wa ukumbi wa mazoezi. Mtu hutia tiki kwamba si mwanachama wa genge la wahalifu, wala hajawa mwanachama kwa miaka mitano iliyopita. Watu hutia tiki bila kusoma, kama wanavyovua viatu mlangoni bila kufikiri.

Hirukawa alikisoma, akaweka kalamu chini.

"Hapa siwezi."

"Uliacha genge sehemu ya kwanza," Orie alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwepo."

"Na sehemu ya pili nikarudishwa. Ya tatu pia. Kila mara ni kazi moja ya mwisho." Mabega yake yalipanda, yakashuka. "Kati ya sita na saba nilipumzika miaka minne na miezi minne. Nilikuwa nahesabu, dada. Halafu mkapanga foleni kuinunua ya saba."

Orie alikuwa mtu wa tisa katika foleni ile. Alikuwa amechukua likizo.

"Wewe tia tiki tu. Hakuna anayekagua."

"Niliapa sitasema uongo. Wewe ndiye uliyebonyeza."

Ilikuwa kweli. Sehemu ya tatu, kwenye paa la hospitali, yalikuja majibu mawili, na Orie akabonyeza la juu.

Bwana Fukatsu alirudi kutoka benki, akamkuta mteja. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na tano, mwenye tai fupi, na yeye pia alikuwa ameucheza mchezo ule, akaishia sehemu ya tano. Alipiga picha naye, akamletea kadi nyeupe ya mraba aitie sahihi, akaitundika ukutani juu ya leseni ya biashara. Kisha alimpigia simu mwenye nyumba, daktari wa meno mstaafu, ambaye alisema kama ni Hirukawa mwenyewe basi hakuna swali. Bwana Fukatsu akachukua rula, akapiga mistari miwili juu ya kifungu cha saba, akagonga mhuri wa masahihisho pembeni. Alieleza kwamba kifungu kile kiliwekwa kwa ajili ya watu wabaya. Dakika kumi na moja baadaye ufunguo ulikuwa mezani.

Saa tano aliingia Mzee Yasunori Mukai, kama kila Jumanne.

Mzee Mukai alikuwa ameacha genge miaka kumi na sita iliyopita. Kifungu cha saba angeweza kukitia tiki akitazama dari. Lakini jina lake lilikuwa limewahi kuandikwa gazetini, na wenye nyumba hutafuta majina, na kidole chake kidogo cha kushoto, kilichokatwa kwa desturi ya genge, kilikuwa pamba ndani ya glovu. Kwa miaka mitatu Orie alikuwa amemwinamia kila Jumanne, akampa chai, akamwambia kwa masikitiko kwamba vyumba vimejaa. Kwenye kioo zilikuwepo ramani thelathini na moja. Mzee Mukai alizisoma zote kwanza, ndipo akaingia kuambiwa.

Juu ya kichwa chake iliwaka taa ya buluu. Ilikuwa ikiwaka hivyo kwa miaka yote mitatu, na Orie alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea mngurumo wa friji.

Hirukawa, ambaye alikuwa amekwisha kushika ufunguo na kufika mlangoni, alisimama.

"Una nini, mzee?"

Mzee Mukai alimtazama kuanzia viatu.

"Wewe si yule wa kwenye runinga? Unapiga watu kwa baiskeli."

"Mara nyingi."

"Mimi nilimpiga mtu kwa baiskeli mara moja. Nikateguka bega. Na baiskeli ilikuwa yangu." Akavuta kiti. "Huyo kambare wa tatuu mgongoni mwako ana rangi ngapi?"

"Sita."

"Ona watu wanavyobahatika. Mimi korongo wangu ana bawa moja. Fundi alikufa kabla ya la pili, na aliyemrithi akaniambia nimlipe upya kuanzia miguu."

Kisha akaeleza shida yake. Alikuwa akilala chumba cha tanuri nyuma ya bafu la umma la mtaa, akichochea moto kwa malipo ya kuruhusiwa kulala. Mwenye bafu alikuwa amezeeka na mwisho wa mwezi angefunga. Baada ya hapo Mzee Mukai hangekuwa na pa kulala, na baridi ilikuwa inakuja. Hayo angeweza kuyasema kwa dakika mbili, lakini hakuwa amewahi kuulizwa, kwa hiyo alianzia utotoni. Hirukawa alisikiliza mpaka mwisho. Orie alipokea simu nne na kumwaga majani ya chai mara mbili.

Mzee alipomaliza, Hirukawa aliweka ufunguo mbele ya Bwana Fukatsu.

"Chumba changu mpe yeye."

Bwana Fukatsu alicheka kwa upole. "Kaka, wewe ni wewe. Huyu ni jambazi."

"Bosi hajakosea," alisema Mzee Mukai, akanywa chai.

Hirukawa akasema kwamba basi watakaa wote wawili, maana mikeka sita inatosha. Bwana Fukatsu akamwonyesha mstari wa mkataba unaosema mpangaji mmoja. Alizungumzia majirani, akazungumzia shule iliyo karibu, akazungumzia sura ya mtaa, yote kwa sauti ya mtu anayemfariji mfiwa. Mwishowe, ili jambo liishe, alisema kwamba akipatikana mdhamini mwenye jina safi, atie mhuri wake pale chini, yeye atalifikiria. Hakumtazama mtu alipokuwa akisema. Alikwenda kupanga vizuri ile kadi ukutani.

Mhuri wa Orie wenye jina lake, ambao nchi ile hutumika kama sahihi, ulikuwa kwenye droo ya pili, ndani ya kikasha cha hariri alichopewa na mama yake. Jina lake lilikuwa safi. Alifungua droo. Kwenye mchezo hangefikiri hata kidogo. Majibu mawili yangekuja, naye angebonyeza la juu, kama alivyolibonyeza kwa mwenye wigi, kwa bibi wa karaoke, kwa wote mia na kumi na wawili. Alikigusa kikasha, kilikuwa baridi. Alifikiria jina lake likisomwa pamoja na jina la Mzee Mukai, na Bwana Fukatsu akilisoma. Alisukuma droo ikafunga.

"Niwaongezee chai?" aliuliza.

Mzee Mukai alisema kwamba imetosha, ilikuwa nzuri kama kawaida. Akainama, akatoka. Hirukawa akatoka naye. Kengele haikulia.

Wachezaji wote wanajua kwamba mtu anaweza kuiacha shida ya pembeni katikati, akaendelea na kisa kikubwa. Lakini anayeiacha ni mchezaji. Hirukawa hakuwa na mtu wa kumwendesha, kwa hiyo hakuiacha. Alisimama mbele ya ofisi akisubiri kengele. Jumatano, siku ambayo madalali hufunga ofisi, alikuwa hapo. Ijumaa baraza la mtaa liliweka koni mbili za njano ili waendesha baiskeli wampite vizuri. Watu walipiga picha naye, wakamwachia kahawa za kopo miguuni, na muuza mipira ya pweza wa kona alisema biashara haijawahi kuchangamka vile.

Mwisho wa mwezi bafu lilifungwa na bomba la moshi likaondolewa. Mzee Mukai hulala anakojua mwenyewe.

Sehemu ya tisa ilitoka Desemba bila Hirukawa. Foleni ilizunguka jengo, na Orie alikuwa mtu wa kumi na nne. Mtaa wa ndani ya mchezo ulikuwa umechorwa kwa ustadi kuliko wakati wowote. Supu zilitoa mvuke, vibao viling'aa juu ya lami iliyolowa, na kila kona alisimama mtu mwenye taa ya buluu kichwani, na hakuna wa kumuuliza. Unaweza kupita katikati yao bila kugongana na yeyote. Wakosoaji walisema mtaa haujawahi kuwa mzuri vile.

Chumba cha mikeka sita bado kina jina la Hirukawa. Mikeka inanukia nyasi mbichi, maana hakuna aliyeilalia.

Jumanne, saa nne kasoro robo, Orie hupanda kigoda upande wa nje, akabandika ramani kwenye kioo. Hirukawa husimama nyuma yake, mabega yakipanda na kushuka. Saa tano Mzee Mukai huja, husoma zote, huingia, huambiwa vimejaa, hunywa chai.

"Na wewe, dada?" Hirukawa aliuliza wiki iliyopita. "Una nini?"

Orie alisema hana kitu. Katika kioo, juu kidogo ya nywele zake, palikuwa na taa ndogo ya buluu. Alichagua ramani moja katika zile za bei nafuu, akaibandika juu ya taa ile, akalainisha pembe zote nne kwa kidole gumba.