Kifaa Namba Thelathini na Moja

Kwa miaka thelathini na minane Fundi alimsikia mumewe akidai kwamba aliwahi kumwendesha kiongozi wa nchi, na kwa miaka hiyo yote hakuamini hata chembe. Yeye alimkuta akiendesha lori la vitunguu. Hakuwa na picha, cheti wala barua. Na kiongozi mwenyewe alikuwa ameshasahaulika: alitawala miezi kumi na saba, akajiuzulu kwa hiari yake, akarudi kwao kufuga kuku. Ukimtaja, watu wanakuuliza alikuwa akichezea timu gani.

"Dereva wa Mzee, chai tayari!" Fundi humwita kila asubuhi kutoka kwenye cherehani yake, na watoto wamekua wakilicheka hilo. Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu: kandambili kuukuu aliyoitundika Dereva kwa kamba katika banda la pikapu. Anaingiza gari polepole, kandambili ikigusa kioo cha mbele anakanyaga breki, ukuta unasalimika. Fundi, akipita na beseni la nguo, hupigwa nayo usoni. Mara mbili aliikata kwa mkasi, na mara mbili Dereva akaifunga tena kwa fundo lake la mizunguko mitatu.

Sasa nyumba ya Mzee ilikuwa imefanywa makumbusho, na Dereva aling'ang'ania waende. Fundi akafunika cherehani, akamfuata. Alikwenda kumkata kilimi mbele ya ushahidi.

Barabara, iliyoliwa na mvua za miaka mingi, iliisha kabla ya safari. Walitembea saa nzima mpaka kwenye nyumba ya vyumba vitatu, bati juu, mlango wa kijani uliobambuka rangi. Mhifadhi, mama mchangamfu mwenye rundo la funguo kiunoni, aliwapokea kama ndugu waliopotea.

"Shikamooni, wazee wangu! Karibuni!"

"Nilikuwa dereva wake," Dereva akasema, hata marahaba hajaitikia.

Mhifadhi akatabasamu kwa adabu. "Wanakuja wengi, baba. Mwezi uliopita nilipata wapishi wawili."

Fundi akacheka mpaka akajishikiza ukutani.

Sebuleni kulikuwa na picha kumi na mbili. Dereva akazipitia moja moja, pua karibu na kioo. Katika moja, Mzee alikuwa akishuka garini, na mlango umeshikwa na mkono ambao mwenyewe hakutokea pichani.

"Huyo ni mimi," Dereva akasema.

"Mkono?"

"Ndiyo, mkono."

"Mkono hauna pua, mume wangu," Fundi akamwambia. Mhifadhi akajitia kupangusa vumbi.

Chumbani palikuwa na kitanda chembamba cha chuma, na chini yake kandambili moja, ya kulia. "Ya pili ilipotea," mhifadhi akaeleza, "na Mzee hakununua nyingine. Unyenyekevu ulioje!"

Fundi aligeuka amkonyeze mumewe, asimwone. Akachungulia dirishani. Dereva alikuwa ameketi kwenye ngazi, kofia gotini, mabega yameshuka. Suruali ile alikuwa ameipiga pasi mwenyewe, mara mbili. Fundi alikuja kushinda, ameshinda, na ushindi haukuwa na ladha yoyote. Kwa mara ya kwanza akatamani yeye ndiye awe amekosea.

"Hakuna picha nyingine?" akauliza. "Hata ya kisogo?"

"Hakuna, mama. Limebaki banda la gari tu, na gari lenyewe liliuzwa."

"Twende."

Banda lilikuwa tupu, sakafu ina madoa ya oili. Kwenye boriti ilining'inia kamba, na mwisho wa kamba kandambili ya kushoto. Kibao ukutani kilisema: Kifaa Na. 31. Matumizi hayajulikani.

"Wataalamu watatu wameshakuja," mhifadhi akasema. "Mmoja anashikilia kwamba ni mtego wa popo."

Fundi akanyoosha mkono, akalipapasa fundo. Mizunguko mitatu. Machozi yakamtoka bila hodi.

"Dereva!" akaita, na safari hii hakuwa akitania. "Njoo uone kandambili yako!"

Dereva akaja, akasimama mlangoni, akaitazama. "Kumbe bado ipo," akasema. "Nilipogonga ukuta mara ya pili, Mzee aliivua mguuni akanipa. Akasema ni heri atembee na moja kuliko nimbomolee nyumba."

Mhifadhi alitimua mbio, akarudi na ile ya kulia, akazilinganisha. Zilikuwa jozi.

"Nisamehe, mume wangu," Fundi akasema. "Nimekucheka mbele ya watoto miaka yote hii. Ulikuwa ukiumia?"

"Kidogo." Dereva akafikiri. "Hapana. Sana."

Mhifadhi akakibandua kibao, akakigeuza, akachomoa kalamu. "Niandike nini, mama?"

Fundi akajifuta uso kwa kiganja. Akamwambia aandike kwamba hiyo ni kandambili ya Mzee, iliyotundikwa na dereva wake. Kisha akayataja majina ya mumewe, yote matatu, polepole, ili yasikosewe hata herufi moja.