Njiwa wa Saza Waliopotea Njia

Miaka tisa Enesi alifundisha baiolojia katika sekondari moja karibu na Saza, na miaka yote hiyo alifuga njiwa. Kila alipoitwa kikaoni Vwawa alibeba wawili watatu kwenye kikapu chenye mfuniko, akawaachia nje ya stendi. Akirudi jioni aliwakuta wametulia juu ya bati. Wanafunzi aliwaambia kwamba ubongo wa njiwa ni kama punje ya njugu mawe, lakini ndani yake mna kijisehemu kinachotunza ramani: mlima huu, barabara ile, paa letu. "Na nyinyi mnacho," alisema. "Bila hicho usingejua kutoka chooni kurudi darasani."

Mumewe, Lusungu, alinunua dhahabu kwa wachimbaji. Walimletea madonge yaliyoshikamana na zebaki, naye aliyachoma kwenye kikaango uani, chini ya banda la njiwa, zebaki ikapaa na dhahabu ikabaki. Alipapenda pale kwa sababu ukuta ulizuia macho ya watu.

Masika yalipoanza, Enesi aliachia njiwa watatu Vwawa, wakarudi wawili. Mara iliyofuata alirudi mmoja. Halafu hakurudi hata mmoja. Akaamua kumjaribu jike lake la kijivu pale shuleni, mahali ambapo paa la nyumba yake linaonekana. Ndege akaruka mpaka kwenye mlingoti wa bendera, akageuzageuza kichwa, akabaki hapo mpaka jua linazama.

"Baba Lwitiko," alimwambia mumewe wakati wa kula, "hiyo zebaki iondoe hapa. Inawaingia ndege kichwani."

"Mwewe hao."

"Mwewe hamsahaulishi njiwa kwao. Na sisi tunavuta hewa hiyohiyo."

Lusungu alicheka. "Nimechoma miaka saba. Nimesahau nini?"

Wiki ile Enesi alikuwa amemkuta mara mbili amesimama kwenye njia panda ya karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, simu sikioni, akijifanya anaongea huku hajui ashike njia ipi. Angeweza kusema. Alimwonea aibu mumewe, akala ugali wake kimya, na kimya hicho ndicho alichokuja kukijutia kuliko chochote.

Mwezi uliofuata Lusungu aliaga anakwenda karasha, mwendo wa dakika kumi. Kesho yake asubuhi Amoni, dereva wa bodaboda, alimleta akiwa peku, miguu imechanika. Alikuwa amemwokota mbali, kwenye barabara ya kuelekea Chunya.

"Nilikuwa nakuja nyumbani," Lusungu alisema. Mikono ilimtetemeka hata maji aliyopewa yakammwagikia kifuani. "Nyumba mmeihamishia wapi?"

Hospitalini Mbeya daktari alisoma vipimo kwa muda mrefu. "Zebaki tutaipunguza mwilini kwa dawa," alisema. "Ila pale ilipokwisha kula, mama, siwezi kukuahidi."

"Njia atazikumbuka?"

"Mwandikie jina na namba yako ya simu, akae nayo mfukoni."

Enesi naye alipimwa. Zebaki ilikuwamo mwilini mwake pia, si haba. Cheti alikikunja akakitia ndani ya Biblia, na Lwitiko, mtoto wao aliye chuoni Dodoma, hakumwambia.

Njiwa waliobaki hakuweza kuwachinja wala kumpa mtu awale. Alifungua banda, akalibomoa ubao kwa ubao, nao wakazagaa juu ya kuta za majirani mpaka paka walipowamaliza. Kisha akaomba likizo bila malipo, akamchukua mumewe mpaka kwa kaka yake Enesi, huko Mbozi, kwenye shamba la kahawa. Alidhani hewa safi itasaidia. Haikusaidia. Nyumba ile mpya haikushika kichwani mwa Lusungu. Kila alfajiri ilikuwa ngeni kwake, na choo alionyeshwa kila siku.

"Mama Lwitiko, twende kwetu," husema akishamaliza uji. "Tumekaa sana kwa watu."

Siku za kwanza Enesi alimweleza: Saza ni mbali, tunakaa hapa sasa, hapa ni kwa shemeji yako. Lusungu aliitikia kwa adabu, na baada ya robo saa akauliza tena. Sasa haelezi. Anamvalisha koti, anamshika mkono, wanatembea mpaka mibuni inapoishia, kisha anamgeuza taratibu.

"Bado mbali?" Lusungu huuliza.

"Bado," humjibu.