Mwambie Nakuja

Kiswahili kina neno moja la ajabu: mtu anavaa viatu, anakupa mgongo, anafungua mlango, halafu anakuaga kwa kusema "nakuja." Fundi wa lifti alikuwa bingwa wa neno hilo, tena yeye alilitumia hata akiwa ameketi. Mkewe akimwita mezani, nakuja. Binti yake akileta kitabu asomewe, nakuja mama, kapige mswaki kwanza. Macho hayabanduki kwenye kompyuta. Alikuwa anaandika riwaya, na riwaya ilikuwa imemnyonya mpaka mashavu yakabonyea.

Mtu asimwite mvivu. Mchana kutwa alishinda kwenye majengo ya watu na mkoba wake wa spana. Jioni alikuwa baba. Vijisaa vilivyobaki, vya wiziwizi, ndivyo alivyoandikia. Kila upande ulilalamika kwamba unapunjwa, na kila upande ulikuwa na haki. Alichoka mpaka siku moja akamwita mkewe kwa jina la mwanamke wa sura ya nne, ikabidi aapie kwamba mwanamke huyo hayupo duniani.

Jumamosi hiyo ilibaki sura ya mwisho tu. Mhariri alishasema bila kupepesa macho: isipofika leo, kitabu kinasubiri mwaka ujao. Mkewe alikuwa zamu kazini, binti anachora sebuleni. Fundi hajamaliza hata aya moja, simu ikalia. Lifti imekwama kwenye jengo la ghorofa, na ndani yumo bibi mmoja peke yake. Hakuwa na wa kumwachia mtoto. Akamshika mkono, wakaondoka wote.

Chumba cha mtambo kilikuwa juu kabisa, chini ya paa, kina joto na harufu ya grisi. Alimkalisha binti mlangoni, mbali na kamba za chuma, akazima umeme. Lifti ikikwama namna ile hushushwa kwa mikono: mmoja unalegeza breki, wa pili unazungusha gurudumu, taratibu, mpaka ilingane na mlango wa ghorofa. Mkono wa tatu wa kushika simu ya ndani, ya kuzungumza na aliyekwama, hakuwa nao. Simu akampa binti.

"Bibi, unanisikia?" Binti akasikiliza. "Baba, analia. Anauliza utafika saa ngapi."

"Mwambie nakuja."

"Anasema anakuja," binti akasema. Kisha akashusha sauti, kama mwenyeji anayempa mgeni siri ya mji. "Lakini wewe kaa chini, bibi. Ukimsubiri umesimama, miguu itauma. Mimi huwa nakaa."

Gurudumu likasimama. Sauti ya mtoto haikuwa na kinyongo hata chembe. Alikuwa anatoa ushauri wa mzoefu, basi. Hilo ndilo lililomchoma fundi. Lawama alizizoea, na majibu yake alikuwa nayo tele mfukoni. Safari hii aliona aibu, machozi yakamlengalenga, akashika tena gurudumu na kuzungusha.

Simu yake ya mkononi ikalia ndani ya mkoba, pale miguuni pa binti.

"Ni mhariri," binti akasoma. "Nimwambie unakuja?"

Neno lilishafika kwenye ulimi. Fundi akafikiria kinachomsubiri nyumbani: sufuria za kuosha, chakula cha kupika, na sura ambayo angeiandika akisinzia, nusunusu, huku mtoto amesimama mlangoni. Au amekaa. Kisha akafikiria mwaka mzima wa kusubiri, na moyo ukamuuma kwelikweli, maana kitabu kile alikipenda.

"Hapana. Mwambie leo sitaweza."

"Baba anasema leo hataweza," binti akasema, akasikiliza kidogo, akakata simu. Akamtazama babake kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Kumbe unajua kusema hivyo?"

"Najua."

"Basi na mimi uwe unaniambia," binti akasema. "Niwe naenda zangu kucheza."