Mtama Palipokuwa Asumini

Aidarus hakuwahi kushika jembe. Miaka yote ya kazi yake bandarini alishika kalamu na kikombe cha kahawa, na siku aliyostaafu alirudi nyumbani Kibokoni akatangaza kwamba sasa yeye ni mfugaji. Mkewe, Bi. Ruweida, alivitazama viatu vyake vilivyong'aa, akasonya.

Kuku walikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na jogoo wao. Bei ya chakula cha kuku ilipopanda mwaka ule wa tisini na tatu, Aidarus akaapa barazani kuwa kuku wake hawatakula tena cha dukani. Atawalimia mtama wao mwenyewe. Atalima wapi, hakuna aliyemuuliza. Nyumba za Mji wa Kale zimebanana hata jirani akipiga chafya unamwombea rehema bila kuinuka kitandani.

Uani kwao palikuwa na kipande cha udongo cha kutandika mikeka miwili, na katika udongo huo ulisimama mwasumini uliopandwa na mamake Bi. Ruweida. Bibi harusi wa mtaa ule hakutolewa nje bila koja la asumini ya uani pale, na aliyelitunga ni Bi. Ruweida, kama mamake kabla yake. Kila Alhamisi jioni alibakisha maua ya kiganja kimoja akayamwaga kwenye mto wa mumewe. Tangu aolewe hakuruka Alhamisi.

Siku moja alikwenda matangani Bondeni. Aliporudi alikuta mwasumini umekatwa, kimebaki kisiki, na bwana mkulima kakunja suruali anafukia mbegu alizonunua Marikiti. Bi. Ruweida alihisi kafiwa mara ya pili.

"Mti ule ulikuwa ukila jua bure," Aidarus alimwambia bila kuinua kichwa. "Maua hayaliwi."

Mtama ukamea, la kweli lisemwe. Ulipotoa masuke walikuja ndege, na nyuma yao kunguru, na mfanyakazi mstaafu wa bandari akawa hana kazi ila kukaa juu ya kibao akigonga debe. Sala ya adhuhuri aliisali huku sikio liko uani. Jioni alikwenda barazani kujisifu kwamba nyama ya kuku wa mtama haina mfano, na kwamba asiyeionja hajala kuku. Debe alilisahau nyumbani, lakini kelele alikwenda nazo.

Kisha kisiki kikachipua. Bi. Ruweida alikiona kijani kidogo pembeni, machozi yakamlengalenga. Kesho yake kuku walikuwa wamekidonoa chote, maana Aidarus aliwafungulia wachakure funza baina ya mabua. Kikachipua tena, wakadonoa tena. Akakifunika kwa tenga, jogoo akalipindua. Alimwomba mumewe awafungie, akajibiwa kuwa kuku wa kufungiwa hanenepi. Kisiki kile kingechoka, na Bi. Ruweida alijua hakitamngoja.

Hakugombana. Alialika wageni.

"Dadako yuwaja adhuhuri," alimwambia mumewe. "Umemsifia kuku wako mwenyewe. Mtinde mmoja."

Nyumba ile mwanamke hachinji, na mgeni hapewi mchicha. Aidarus alichukua kisu. Baada ya dada alikuja shemeji yake Chirau na wanawe, wote wenye meno mazuri. Wakaja wazee wa barazani, kila mmoja akikumbusha sifa alizozisikia. Angekataa vipi, naye ndiye aliyewatia hamu? Alichinja akiuma midomo, na Bi. Ruweida akapakua wali wa nazi, akinong'ona kwa adabu kubwa kwamba mkulima ni mmoja, walaji wengi. Jogoo aliishia kwa Samuel Kyalo, mwenzake Aidarus wa bandarini, aliyesema nyama ni tamu ila ngumu kidogo. Aidarus alikula shingo.

Wakabaki yeye na mtama. Hakuna aliyeutaka. Aliuvuna, akauweka guniani ukumbini, akawa anaupita kama mtu apitaye mdai wake.

Mvua za masika ziliponyesha, kisiki kilitoa matawi, na matawi yakatoa maua. Wasichana wa mtaa wakaanza tena kubisha hodi na sinia. Aidarus aliisikia harufu akiwa barazani. Alhamisi ile alioga mapema, akavaa kanzu safi, akaingia chumbani kabla hata ya magharibi. Bi. Ruweida alikuwa sebuleni akitunga koja la bibi harusi, akamsikia akilala, kisha akamsikia akiinuka ghafla.

Alitoka ameushika mto mikononi. Punje za mtama zilikuwa zikimdondoka sakafuni, na nyingine zimemganda shavuni.

"Ruweida, ni nini hiki?"

Bi. Ruweida alipitisha uzi kwenye ua jingine.

"Si wasema maua hayaliwi," alisema. "Kula."