Fenda ya Kushoto

Lori lilifika Misunkumilo, pembeni mwa mji wa Mpanda, Jumanne saa nne asubuhi, na kabla ya kushusha gari dereva aliomba maji ya kunawa. Providence akampa kopo. Mumewe Libérat, fundi wa bodi, alikuwa amelala chali chini ya Noah ya mchungaji akikwangua kutu, na hakutoka mpaka alipomaliza upande aliokuwa nao. Ndivyo alivyo. Ukimkuta anakunywa uji, utangoja uji uishe.

Gari lenyewe lilikuwa Datsun nyekundu ya mashindano, ya miaka ile magari yalipokuwa yakikimbizana kwenye njia ya vumbi nje ya mji wa Mpanda. Baadaye lilikaa nyuma ya ghala huko Mwanza, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Mwenye gari alishafariki. Mwanawe, Fredrick, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, alitaka lirudi kama lilivyokuwa siku lilipochukua kombe, mwaka themanini na tatu. Yatakuwepo maonyesho ya magari ya zamani, alisema kwenye simu, na majaji watakuwepo. Alikuwa ameambiwa kwamba huku Katavi kuna fundi mwenye asili ya Burundi anayenyoosha bati kwa nyundo tupu, bila kulijaza puti, ule uji mzito wa kuzibia mabonyeo kabla ya rangi.

Hilo lilikuwa kweli. Libérat aliichukia puti. Alisema puti ni uongo uliopakwa rangi, na kwa kuwa ni mzee wa kanisa alilisema hilo mara nyingi kuliko wateja walivyopenda kulisikia.

Alianza na fenda ya kushoto, lile bati linalofunika gurudumu la mbele, kwa sababu ndiyo iliyoharibika zaidi. Ilikuwa imebonyea shimo la kutosha kulaza mtoto mchanga. Aliifungua, akailaza juu ya gunia la mchanga, akaanza kuipiga kwa ndani, taratibu, kwa nyundo ya mti. Siku ya kwanza alinyoosha sehemu kama upana wa kiganja. Jioni ile dada yake, Thacienne, alinyanyuka kwenye benchi bila kushika ukuta.

Thacienne alikuwa na miaka hamsini na mbili. Nyonga yake ya kulia iliingia ndani alipokuwa na miaka kumi na moja, na tangu hapo mguu ule ulikuwa mfupi, akawa anautupa pembeni kila akipiga hatua. Miaka thelathini sasa alikuwa akiishi kwa mdogo wake, akichambua maharage, akimenya mihogo, akilea watoto ambao si wake. Hakuwa mtu wa kunung'unika. Ulimi alikuwa nao, hilo tusifichane, na Providence alimwogopa kidogo.

Siku ya pili, kila nyundo ilipotua Thacienne alisikia joto kwenye nyonga na mfupa ukasogea. Alimwambia mdogo wake apige polepole, chai inamwagika. Libérat akapunguza mwendo. Hakuna aliyeuliza ni kitu gani hicho, kwa sababu nyumba nzima ilijua ni gari gani lilimgonga Thacienne. Walikuwa tu hawajawahi kuliona kwa karibu.

Habari yenyewe ni fupi. Mwaka ule familia yao ilikuwa kwenye makazi ya wakimbizi, na kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Siku ya mashindano Thacienne alitoka bila kibali, beseni la karanga za kuchemsha kichwani, awauzie watazamaji. Datsun namba kumi na saba ikakata kona vibaya. Dereva alishuka, akatazama tairi, akatazama karanga zilivyotawanyika, akarudi ndani ya gari, akaenda kushinda. Baba yao alimbeba mtoto mgongoni hadi zahanati, na alipoulizwa akajibu kwamba ameanguka kutoka juu ya mti, maana aliogopa kusema mtoto alikuwa wapi. Basi ikaandikwa mti. Mzee alikufa akiwa bado anasema mti.

Kuinyoosha fenda kulichukua siku nane. Siku ya nane bati lilikuwa laini, na Thacienne alisimama uani, nyayo zote mbili zikigusa ardhi kwa pamoja. Tatizo likawa sketi. Kwa miaka arobaini alikuwa akizipinda upande mmoja zaidi ili zionekane sawa, na sasa zote zilining'inia upande. Alikaa mchana kutwa akifumua pindo, amenuna. Providence alipomuuliza kulikoni, alijibu kwamba sketi ni sita na sindano ni moja.

Jirani yao Makoye, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, alikuja kuuona mguu. Aliutazama, akalizunguka gari, kisha akauliza kama yule dereva aliwahi kuendesha na pikipiki pia, maana yeye mgongo unamsumbua tangu agongwe na pikipiki ujanani. Libérat akasema hajui. Makoye akasema basi si kitu, akarudi kwa ng'ombe wake.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Thacienne aliomba jembe. Pembeni mwa kata, njia ya kwenda mtoni, kuna robo eka aliyoachiwa na baba yao, na miaka yote walilima wengine wakamletea debe la mahindi. Sasa alikwenda mwenyewe, alfajiri, kwa miguu yake. Alichonga matuta, akachuchumaa, akapanda karanga. Alisema zile za kwanza hakumaliza kuziuza. Zilipoota alikuwa akienda kuzitazama hata siku ambazo hapakuwa na kazi, na alirudi akiimba, vibaya sana, kwa sababu sauti hakujaliwa. Alikuwa na furaha na hakuificha. Kwa mara ya kwanza alikula ugali wa mdogo wake bila kuhesabu matonge.

Libérat, kwa kujivunia kazi yake, alimtumia Fredrick picha ya fenda. Ilikuwa imenyooka kama imetoka kiwandani. Alitegemea kusifiwa.

Jibu lilikuja na picha nyingine, ya zamani, nyeusi na nyeupe. Marehemu baba yake Fredrick amekaa juu ya boneti, kombe mkononi, vumbi hadi kwenye nyusi, na fenda ya kushoto imebonyea. Hapana, fundi, aliandika Fredrick. Hilo shimo ndiyo historia yenyewe. Hapo mzee aligonga ng'ombe, akaendelea, akashinda. Picha hiyo ipo sebuleni kwetu tangu sijazaliwa, na majaji nao wanayo. Gari lazima lifanane na picha. Naomba ulirudishe shimo kama lilivyokuwa.

Libérat aliusoma ujumbe mara mbili, kisha akampa dada yake simu. Thacienne alisoma, akarudisha simu, akaenda kupalilia.

Hapo ndipo Libérat alipofanya jambo analolionea haya hadi leo. Alinunua bati jipya, akalikata, akalikunja, na kwa siku nne akaunda fenda nyingine kwa jicho na kwa mkono, hata ukiziweka pamoja huwezi kujua ipi ni ipi. Kisha akaibonyeza ile mpya kwa kufuata picha. Thacienne alikaa karibu, kiganja juu ya nyonga, wahakikishe. Hakusikia chochote. Aliuliza kama mboga imetiwa chumvi. Ile ya zamani wakaifunga kwenye kitenge na kuisukuma chini ya kitanda, na fundi aliyeichukia puti akapaka rangi nyekundu juu ya uongo wake mwenyewe, akalala vibaya wiki nzima.

Fredrick alifika Jumamosi kwa ndege ya asubuhi, na lori likaja nyuma yake. Alikuwa mtu mstaarabu. Alimwamkia Thacienne shikamoo, akaleta sukari na mikate, akavua viatu mlangoni ingawa ndani ni saruji tupu. Alilitazama gari kwa muda mrefu, machozi yakamlengalenga. Kisha akapitisha mkono chini ya fenda ya kushoto, akapapasa. Baba yake, alieleza, alikuwa na tabia ya kuandika jina lake kwa msumari upande wa ndani wa kila bati. Huku hakuna kitu.

"Fundi," alisema, "hii ndiyo yenyewe?"

Fundi mwingine yeyote wa Mpanda angeapa kwa jina la mama yake. Libérat alitazama chini, akajibu, "Hapana."

Thacienne alikuwa amesimama karibu na karai la maji, wima.

"Hiyo yenyewe ilinipiga mimi," alisema. "Sikuwa juu ya mti. Nilikuwa barabarani, nauza karanga, bila kibali. Sasa ni raia, naweza kusema."

Fredrick alivua kofia. Aliguswa kweli, hilo lisemwe. "Pole sana, mama," alisema. "Lakini marehemu baba alisema ni ng'ombe."

"Ng'ombe wa nani?"

"Hakutaja."

Libérat akamweleza habari ya nyonga: jinsi mfupa ulivyokuwa ukifuata nyundo, na ni nini kitatokea nyundo ikirudi upande wa pili. Fredrick alisikiliza bila kukatiza. Hakubisha. Aliuliza tu kama itachukua muda mrefu, kwa sababu lori limekodiwa kwa siku. Akaeleza, kwa upole, kwamba masharti ya maonyesho yanadai bati la asili, kwamba mialiko imeshatumwa, kwamba familia nzima itakuwepo na mama yake ana miaka themanini na amezeeka na habari ya yule ng'ombe kama wengine wanavyozeeka na Biblia. Hamlazimishi mtu. Kama Libérat moyo hauruhusu, yupo fundi Sumbawanga anayeweza kuifanya Jumatatu. Anachoomba ni fenda yake tu.

Fenda ilikuwa yake. Providence aliingia ndani, akaitoa chini ya kitanda, akaifungua kitenge na kuiweka juu ya gunia la mchanga.

Thacienne akamvuta mdogo wake kando. Alimuuliza kama anamjua huyo wa Sumbawanga. Libérat akasema anamjua, walifanya kazi pamoja mwaka mmoja, anapiga bati kama anapasua kuni. Thacienne akafikiri. Aliuliza karanga zimebakiza muda gani, akajijibu mwenyewe kwamba ni miezi miwili, na kwamba hakuna mgeni wa kungoja miezi miwili.

"Basi piga wewe, musaza wanje," alisema, akimwita kaka kwa Kirundi, kama walivyoitana utotoni. "Wewe mkono wako naujua."

Libérat alikataa. Alikataa mara tatu na akalia mbele ya mgeni, mtu mzima na mvi zake, kamasi zikimtoka, akisema afadhali wampeleke polisi kwa kuiba bati. Providence naye alikuwa analia. Thacienne aliwaacha walie kidogo, kisha akawaambia inatosha, kwamba nyie mnalia kama nyonga ni yenu. Alimkabidhi Providence shamba: palizi ya pili wiki ijayo, na asithubutu kupanda mahindi katikati ya karanga. Akajifunga kitenge kiunoni, akakaa kwenye benchi, akanyoosha mguu mbele.

Libérat aliigeuza fenda. Aliegemeza picha kwenye ndoo mahali anapoweza kuiona, akachagua nyundo ndogo kuliko zote. Alipiga kwa ustadi wote aliokuwa nao, kidogo kidogo, akizungusha kutoka pembeni kwenda katikati, bati lisipasuke. Haikuwahi kutokea Mpanda kazi nzuri kama ile. Thacienne aliuma ncha ya kitenge. Hakupiga kelele, alinyanyua mkono tu alipotaka kupumzika, na mdogo wake akangoja. Mguu ulirudi juu kwa hatua, kama ulivyoshuka. Jasho lilimtiririka likalowesha benchi.

Ilipofika saa nane Libérat aliweka nyundo chini. Fredrick aliichukua picha kutoka kwenye ndoo, akasogea, akaishika kando ya fenda, akafumba jicho moja. Alikuwa na haya, na aliongea kwa sauti ndogo sana.

"Hapa chini bado kidogo, fundi. Kama vidole viwili."

Libérat alimtazama dada yake. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya jivu.

"Maliza," alisema Thacienne. "Watu wana safari."

Akapiga mara nne. Fredrick aliangalia tena, akashusha pumzi, akasema sasa ndiyo yenyewe. Alimshukuru Libérat kwa mikono miwili, akamshukuru na Thacienne, akaahidi kuwatumia picha za maonyesho. Fenda ikafungwa mahali pake kwa boliti sita.

Lori lilitakiwa kuingia uani kinyumenyume ili kupakia gari, na benchi lilikuwa njiani. Dereva akaomba lisogezwe. Thacienne hakuweza kusimama, kwa hiyo walimhamisha pamoja na benchi. Libérat alishika upande mmoja, na Fredrick, ambaye hakuwa na kiburi, akashika mwingine.