Kimulimuli Hajawahi Kuoa

Fundi miwani alikuwa ameinamia mashine ya kusagia lenzi simu yake ilipoanza kutetemeka mezani. Ilitetemeka mfululizo mpaka ikasogea yenyewe hadi ukingoni, na mteja aliyekuwa akisubiri akasema, "Dada, pokea basi, huenda kuna msiba."

Haukuwa msiba, ingawa kwa jinsi watu walivyokuwa wakiandika ungedhani maiti iko sebuleni. Kilikuwa kikundi cha wapenzi wa Kimulimuli, jarida la katuni linalotoka kila Ijumaa tangu yeye hajazaliwa. Kimulimuli ni shujaa mwenye mwanga kifuani. Akipandwa na hasira kifua kinawaka, naye anaruka juu ya mapaa kuwasaka wabaya. Mkewe ni mpiga eksirei wa hospitali, aliyeigundua siri hiyo siku alipompiga picha ya mbavu. Wana binti mdogo, Cheche, ambaye kamba za viatu vyake hazikai zimefungwa. Kila anaporudi kutoka vitani, kabla hata hajajifuta damu, Kimulimuli huchutama mlangoni akamfunga Cheche kamba. Wasomaji waliipenda picha hiyo kuliko mapigano yote.

Ijumaa hiyo, ukurasa wa mwisho, Kimulimuli alikuwa ameamka kitandani. Kijana mbichi, chumba kimoja, nguo zimerundikwa kwenye kiti. Kiputo juu ya kichwa chake kilisema: "Lo! Kumbe nilikuwa naota. Mimi, mke na mtoto?"

"Naota?" aliandika Katibu, mwalimu wa fizikia aliyeanzisha kikundi. "Miaka yote hiyo kalala? Aling'atwa na mbung'o?"

"Mimi nilimpa mwanangu jina la Cheche," aliandika mwingine. "Sasa nimwambieje? Kwamba ameitwa kwa jina la ndoto?"

Mmoja alituma picha ya majarida yake yakiungua kwenye ndoo. Mwingine akathubutu kusema si vibaya, angalau sasa jamaa anaweza kutafuta mchumba upya, na akaondolewa kikundini kabla hajamaliza sentensi ya pili.

Fundi miwani alizima mashine, akaingia choo cha dukani, akajifungia, akalia huku amejiziba mdomo kwa kiganja. Aliona aibu. Mwanamke mzima, mwenye duka lake, analilia katuni.

Lakini yeye ndiye Cheche. Hakuna aliyejua hilo kikundini. Mchoraji wa Kimulimuli ni baba yake mzazi, na mpiga eksirei wa katuni ni mama yake, ambaye kwa kweli alifanya kazi chumba cha eksirei mpaka alipostaafu. Cheche ndilo jina ambalo baba alimwita nyumbani. Alipokuwa darasa la pili, baba alichukua sanduku na meza yake ya kuchorea, akahamia kwa mwanamke mwingine. Mwanzoni alikuja kumwona. Kisha akawa anatuma salamu. Kisha kimya. Mama naye hakulitamka tena lile jina la Cheche.

Lakini kila Ijumaa jarida lilitoka, na ndani yake baba alikuwa amerudi nyumbani, amechutama mlangoni. Mtoto alijikunja nalo kwenye kochi, akalisoma mpaka wino ukamwachia weusi vidoleni. Alivyoelewa yeye, baba alikuwa na sababu zake za kutokuja, ila kila wiki alimtumia neno.

Jumapili hiyo fundi miwani alikwenda kwa mama yake. Mama alikuwa akipiga pasi mashuka, redio ikiongea peke yake.

"Mama, umeona walichofanya?"

"Nimeona. Muuza magazeti alinionyesha. Nadhani alisubiri nilie."

"Na hukuumia?"

"Niumie nini? Mara ya kwanza wameandika ukweli. Hana mke, hana mtoto." Aliligeuza shuka. "Wamechelewa tu."

"Mama, ile ilikuwa familia yetu."

"Familia yetu ilikuwa mimi na wewe na kodi ya nyumba. Hebu niambie, yule mtu alikufunga kamba za viatu lini? Viatu vyako vyote vilikuwa vya kutumbukiza. Nilikuwa naingia zamu ya alfajiri, nani angekuwa na muda wa kamba?"

Binti alitaka kubisha. Alijaribu kukikumbuka kiatu kimoja chenye kamba, hata kimoja. Badala yake alikumbuka kurasa.

Aliondoka amenuna. Huo mnuno ndio uliomfanya, kwenye benchi la kituo cha basi, atume kikundini picha ya zamani: baba mezani, kalamu sikioni, na mtoto amekaa mapajani. Chini yake akaandika, "Mimi ndiye Cheche. Huyu ni baba yangu."

Kikundi kilipagawa. Cheche yu hai! Walitaka kujua shule aliyosoma, kama mama bado yupo hospitali, kama kweli wanaishi nyumba ya bluu. Kuna aliyeuliza, bila mzaha, kama kifua chake huwa kinapata joto. Siku iliyofuata Katibu alikuja dukani na fulana ya manjano iliyoandikwa CHECHE kwa herufi kubwa. Alisimama mbele ya kaunta akimtazama kama mtu aliyekutana na rais.

"Dada yangu, tunakwenda ofisini kwao. Wewe utangulie. Wakikuona, watasema nini?"

Ilikuwa muda mrefu tangu mtu amtazame hivyo. Alikubali, akaipokea na fulana.

Siku ya siku barabara mbele ya ofisi ya jarida ilijaa manjano. Walinzi waliruhusu wawili tu kuingia, Katibu na yeye. Mhariri, mama mwenye uso wa mtu asiyepata usingizi, aliwakaribisha kwenye chumba chenye kurasa zilizobandikwa kutani. Alimsikiliza Katibu mpaka mwisho. Katibu alikuwa na hoja nyingi: kama ndoa ni ndoto, basi nani alimtibu Kimulimuli mbavu? Na kama hakutibiwa, aliwezaje kuinua daraja?

"Mwalimu," Mhariri alisema, "msinitupie mimi lawama. Wazo si langu. Mwenyewe yupo, ameleta kurasa za wiki ijayo. Mwulizeni."

Aliufungua mlango wa pili, akaita. Akaingia mzee mrefu, mabega yameshuka, vidole vina wino. Fundi miwani alisimama bila kujijua. Mzee alimpa Katibu mkono, kisha akamgeukia yeye, akaisoma fulana yake, akatabasamu kwa adabu.

"Karibu, binti. Unataka nikusainie?" Tayari alikuwa ameshachomoa kalamu.

Katibu ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Mzee, huyu ni mwanao."

Kalamu ilibaki hewani. Mzee alimtazama usoni, akatazama chini, akatazama tena. Kisha akavuta kiti, akaketi.

"Umekua," alisema.

"Ndiyo. Watu hukua. Kwa nini umetufuta?"

"Si sasa. Nilitaka kuwafuta mwaka uleule nilioondoka." Alisema hivyo bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Wasomaji wakagoma. Mhariri wa wakati ule akaniambia, ukimwondoa yule mtoto jarida limekufa, na wewe umekufa nalo. Nikaendelea. Kila wiki naketi kuichora nyumba niliyoikimbia. Mlango uleule, mapazia yaleyale. Unajua hicho ni kifungo gani? Safari hii nimewaambia, wanitoe kwenye nyumba hiyo au niache kazi."

"Kifungo," alisema yeye. "Mimi nilidhani unanisalimia."

"Ningetaka kukusalimia ningekuja."

Mhariri aliinuka akaenda kusimama dirishani, akawapa mgongo.

"Lakini ulinichora," fundi alisema. Aliisikia sauti yake inakuwa ya kitoto, akashindwa kuizuia. "Miaka yote. Ulinichora mimi."

Mzee alitikisa kichwa. "Sikujua umekuwaje. Mtu huchora anachokiona. Pale nyumbani kuna binti yangu mwingine. Nilikuwa namtazama yeye."

Hapo ndipo alipokielewa kile kishimo cha shavuni. Cheche wa katuni alianza kuwa na kishimo ghafla, katikati ya hadithi, na yeye, bado mtoto, alisimama mbele ya kioo akilibonyeza shavu lake kwa ncha ya penseli, asubuhi baada ya asubuhi, akingoja kitokee.

Mzee aliizungusha kalamu vidoleni. Aliyeshindwa kunyamaza ni Katibu.

"Samahani, Mzee. Najua si wakati wake. Lakini ile harusi ya juu ya paa, mvua inanyesha. Ile ilitokea kweli, au nayo uliitunga?"

"Tulioana ofisini," alisema Mzee. "Mvua haikunyesha."

Uso wa Katibu ulimshuka, kweli kabisa, kama mtu aliyefiwa. Walipokuwa wakishuka ngazi alimshika fundi mkono. "Dada, haya tuliyosikia yaishie humu. Wale wamesimama juani tangu asubuhi. Sema tu mmekumbatiana. Sema amelia."

"Hajalia."

"Najua hajalia! Wewe sema."

Nje walimshangilia mpaka masikio yakaziba. Mtu alimpandisha juu ya kreti la soda, mwingine akampa kipaza sauti. Aliona nyuso zinazomtazama, watoto mabegani mwa baba zao.

"Mchoraji mwenyewe ndiye asiyetutaka," alisema. "Hakututaka tangu zamani. Nyinyi ndio mliomlazimisha. Mwacheni apumzike, na mimi niacheni."

Walidhani wamesikia vibaya. Kisha mwanamke mmoja mbele, mwenye kitambaa cha manjano kichwani, akapiga kelele, "Huyu si Cheche! Cheche hawezi kumsema baba yake hivyo!" Neno hilo likapokewa nyuma. Wamemnunua. Wamempa kitu kidogo huko juu. Alishuka kwenye kreti, akapita katikati yao, na watu waliokuwa wakigombania kumgusa asubuhi wakampisha kama mtu mwenye upele. Jioni hiyohiyo Katibu alimtoa kikundini. Hakumwandikia hata neno la kumuaga.

Mzee aliacha kazi, na ofisi ikaajiri mchoraji mwingine, kijana. Kabla mvua hazijaanza, Kimulimuli aliamka tena: kumbe ile ya kuamka ndiyo iliyokuwa ndoto, na mkewe amesimama pembeni ya kitanda na kikombe cha chai. Walisherehekea. Baada ya wiki mbili wakaanza kulalamika kwamba Cheche amerefuka mno na kishimo chake kimehamia shavu la kulia. Fundi miwani alizisikia habari hizo kwa wateja tu. Jarida lenyewe hakulinunua tena.

Kwa mama yake alisimulia kila kitu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, hakushangaa popote.

"Ulijua," binti alisema.

"Kuhusu sura? Nilijua wiki ileile ilipobadilika. Nimeangalia picha za watu maisha yangu yote. Hakuwa mtoto wangu yule."

"Na ukaendelea kuniletea jarida?"

"Ulikuwa unakula vizuri siku za Ijumaa."

"Ungeniambia."

"Ulikuwa mtoto. Ningekuambia nini?"

"Baadaye basi! Nilipomaliza shule. Nilipofungua duka. Nimekaa mpaka leo, Mama, naamini kuna mtu ananitumia neno kila wiki, na wewe umeniangalia tu."

Mama alifumba macho. "Baadaye nilikuwa nimechoka," alisema. "Mama yako alikuwa amechoka."

Binti alichukua mkoba wake, akatoka, chakula kikabaki mezani kimefunikwa. Jumapili iliyofuata hakwenda. Ile ya pili yake alikwenda, wakazungumzia bomba la jikoni lililoanza kuvuja na fundi bomba aliyechukua malipo ya kwanza akazima simu. Mama alicheka mahali fulani, naye akacheka kidogo, kwa adabu. Lile jambo hawajaligusa tena, na kila mmoja anamngoja mwenzake aanze.